David Bruce: jina lake limo katika maziwa mabichi na katika damu ya ng'ombe

Kuna maswali mawili ambayo wafugaji wanaotusikiliza hutuuliza mara kwa mara. La kwanza ni hili: mtu akiugua kwa kunywa maziwa mabichi, kwa nini anapewa dawa za wiki 6, wakati dawa ya malaria ni ya siku 3 tu? La pili: mbung'o akimuuma mchungaji na ng'ombe wake siku hiyo hiyo, kwa nini ng'ombe hukonda hadi kufa, na mchungaji mara nyingi haoni chochote?

Majibu yote mawili tunayapata tukifuata maisha ya mtu mmoja, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa David Bruce. Alikufa mwaka 1931, lakini jina lake linatajwa hadi leo katika maabara. Bakteria wa homa ya maziwa mabichi anaitwa Brucella. Kimelea cha nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o kwa mifugo, kinaitwa Trypanosoma brucei. Majina yote mawili yametokana na Bruce.

Hapa Kizota, ndani ya Jiji la Dodoma, habari hii iko karibu nasi. Kuna machinjio hapa, na mbuzi, kondoo na ng'ombe huletwa kutoka vijijini. Yupo anayechinja, yupo anayekamua, yupo anayeuza maziwa kwa lita, na yupo anayemsaidia mbuzi aliyekwama kuzaa usiku kwa mikono mitupu. Wote hawa wanafanya kazi karibu na wadudu wale wale ambao Bruce aliwatafuta kwa darubini.

Kijana aliyetaka kuwa mwanariadha

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 huko Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskoti waliovuka bahari wakati wa msukosuko wa dhahabu. Alipokuwa na miaka 5, familia ilirudi Scotland ikakaa katika mji wa Stirling. Akiwa na miaka 14 aliacha shule, akaenda kufanya kazi Manchester. Alikuwa na mwili wenye nguvu, na tamaa yake ilikuwa michezo. Alipofika miaka 17 nimonia ilimwangusha, na ndoto ya riadha ikaishia hapo.

Akarudi kwenye masomo. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alianza na elimu ya wanyama, kisha akahamia udaktari, akamaliza mwaka 1881. Miaka miwili baadaye alimwoa Mary Elizabeth Steele, binti wa daktari, na mwaka huo huo akaingia jeshini kama daktari. Mary hakuwa mke wa kusubiri nyumbani. Alijifunza kutumia darubini, kupaka rangi vipande vya kuchunguzwa na kuchora alichokiona. Kuanzia hapo, karibu kila kazi iliyoandikwa kwa jina la Bruce ilipita pia katika mikono ya Mary.

Malta: mbuzi waliokuwa wazima machoni

Mwaka 1884 Bruce alipelekwa Malta, kisiwa kilichoko katika Bahari ya Kati, ambako Uingereza ilikuwa na jeshi kubwa. Askari walikuwa wakiugua homa ya ajabu. Inapanda, inashuka, mtu anadhani amepona, kisha inarudi. Usiku jasho jingi, mchana viungo na mgongo vinauma, na hali hiyo huendelea kwa miezi. Wengine walikufa.

Bruce alichukua wengu wa askari waliokufa kwa homa hiyo, akauchunguza. Mwaka 1887 alimpata bakteria mdogo sana ambaye hajawahi kuelezwa. Chanzo cha homa ya Malta kikawa kimejulikana. Lakini mlango ambao bakteria huyo aliingilia haukuonekana. Watu waliendelea kulaumu hewa mbaya, maji machafu na vumbi.

Jibu lilikawia miaka 18. Mwaka 1904 Uingereza iliunda tume ya kuchunguza homa hiyo, na Bruce akawekwa kuiongoza. Aliyefungua mlango alikuwa daktari Mmalta, Themistocles Zammit. Juni 1905 alipima damu ya mbuzi akakuta dalili za ugonjwa, na baada ya hapo bakteria wenyewe wakapatikana katika maziwa. Mbuzi hao walikuwa wanene, wanakula vizuri, wanatoa maziwa mengi. Hakuna aliyewashuku kwa sababu hakuna aliyewaona wakiumwa. Mwaka 1906 askari walikatazwa kunywa maziwa hayo mabichi, na homa ikapungua kwa kasi kambini. Raia wa kawaida, ambao maziwa ya mbuzi yalikuwa chakula chao cha kila siku, waliendelea kuugua kwa miaka mingi.

Ni haki kusema kwamba sifa nyingi za Malta alipewa Bruce, na Zammit akatajwa kwa sauti ya chini. Tutaona jambo hilo likijirudia.

Damu ya ng'ombe, kisha damu ya watu

Kabla ya kuiongoza tume hiyo ya Malta, Bruce alikuwa tayari amefika Afrika. Mwaka 1894 alitumwa Zululand, Afrika Kusini, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao Wazulu waliuita nagana. Yeye na Mary waliishi Ubombo, katika kibanda cha miti na udongo juu ya kilima, na kibanda hicho ndicho kilikuwa maabara.

Bruce alitarajia kukuta bakteria. Badala yake, katika damu ya ng'ombe wagonjwa aliona kiumbe kinachojinyonga kama nyungunyungu na kupita kati ya chembe za damu. Alishusha wanyama wazima hadi bondeni kwenye mbung'o bila kuwaruhusu kula wala kunywa huko. Waliugua. Kisha akachukua mbung'o kutoka bondeni, akawaacha wawaume wanyama wa kilimani ambao hawakuwahi kushuka. Nao wakaugua. Maji na majani havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mbung'o.

Akaenda mbele zaidi. Alichukua damu ya nyati, tandala na nyumbu, akaiingiza katika mbwa, na baadhi ya mbwa wakapata nagana. Wanyama wa porini walibeba kimelea bila kuonyesha ugonjwa, sawasawa na mbuzi wa Malta.

Mwaka 1903 aliitwa Entebbe, Uganda. Malale ilikuwa ikiteketeza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, Busoga na visiwa vya Sese. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu laki mbili walikufa katika mlipuko huo. Mtaliano Aldo Castellani alikuwa amefika kabla yake, na alikuwa ameona vimelea vya aina hiyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alielewa haraka maana ya alichoonyeshwa, kwa kuwa alikuwa amewaona ndugu za vimelea hivyo Ubombo. Baadaye wawili hao waligombania sifa kwa miaka.

Kazi ya kuthibitisha ilifanywa na watu wengi. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, pamoja na machifu na wamisionari, walisaidia kukusanya mbung'o kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Ramani mbili zikachorwa, moja ya mahali penye mbung'o na moja ya mahali penye malale. Zilipowekwa pamoja, zililingana. Bila wale waliozunguka ufukweni kukamata mbung'o, Bruce asingekuwa na ramani.

Swali alilokufa nalo

Kati ya mwaka 1911 na 1914 Bruce alikuwa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Huko kulikuwa na malale kali inayoua kwa wiki au miezi, tofauti na ile ya polepole ya Uganda. Malale kali ndiyo inayopatikana Tanzania pia. Kimelea chake kilikuwa kimepewa jina rhodesiense. Bruce alikitazama, akakilinganisha na kile cha nagana, akaamua kwamba ni kimoja.

Wengi hawakukubali. Kama ni kimoja, mbona watu wanaoumwa na mbung'o kila siku kwenye nchi ya nagana hawapati malale? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huku Afrika Mashariki, madaktari wawili Wajerumani, Taute na Huber, walijidunga damu ya wanyama wenye nagana. Waliwadunga pia Waafrika zaidi ya 100. Hakuna aliyeugua. Vitabu vinataja majina ya madaktari wawili. Wale mia na zaidi, ambao miili yao ndiyo iliyotoa jibu, hawatajwi kwa majina.

Ilionekana kwamba Bruce amekosea. Ili kujua kama alikosea kweli, tunahitaji kuingia ndani ya seli.

Nyongo ndogo ndani ya seli

Miili yetu imejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1955 mtaalamu wa Ubelgiji, Christian de Duve, alieleza kwamba ndani ya seli kuna vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vya kusaga. Kifuko kama hicho kinaitwa laisosomu. Kazi yake ni kuyeyusha takataka na maadui waliomezwa na seli. Kwa kazi hiyo na nyingine, de Duve alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili.

Kila aliyewahi kuchinja mbuzi anaijua nyongo. Ni ngozi nyembamba tu inayotenga uchungu wake na nyama. Ukiitoboa kwa kisu, umeharibu kitoweo. Laisosomu nayo ina utando mwembamba, na ndani kuna asidi. Usalama wa seli unategemea utando huo, na utando wenyewe unategemea protini zilizochomekwa humo.

Protini hizo zina kazi tofauti. Nyingine ni pampu zinazosukuma asidi ndani. Nyingine, zinazoitwa LAMP kwa kifupi, zimefunikwa na sukari na zinaukinga utando usisagwe na vimeng'enya vyake wenyewe. Nyingine husaidia laisosomu kuungana na kifuko kilichobeba adui. Tena kuna nyakati ambapo seli huisogeza laisosomu hadi kwenye ukuta wake na kumwaga yaliyomo nje. Chembe nyeupe za damu hufanya hivyo zinapoua seli zilizoambukizwa. Seli inayotoboka hutumia njia hiyo pia kuziba jeraha lake. Laisosomu ni tumbo na pia ni mlango wa kutolea.

Bakteria anayetumia asidi kama kengele

Sasa turudi kwenye maziwa. Mtu akinywa maziwa yenye Brucella, chembe nyeupe za damu humeza bakteria. Kwa kawaida huo ungekuwa mwisho wa habari. Kifuko kilichombeba bakteria huanza kupata asidi, na protini za LAMP hujipanga kwenye utando wake. Kila dalili inaonyesha kwamba adui yuko njiani kusagwa.

Lakini Brucella huigeuza asidi ile kuwa kengele ya kumwamsha. Akiisikia, anajenga bomba dogo kwenye ngozi yake na kupitishia protini zake hadi ndani ya seli. Protini hizo hukielekeza kifuko mahali pengine, katika karakana ambako seli hutengenezea protini zake. Alama za LAMP hupotea, na bakteria anaanza kuzaliana kwa utulivu ndani ya askari aliyetumwa kumuua.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Dawa nyingi hufanya kazi kwa shida dhidi ya adui aliyejificha ndani ya seli. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa mbili kwa pamoja, na kwa muda wa wiki 6 au zaidi. Anayeacha katikati kwa sababu amepata nafuu humwachia bakteria nafasi ya kurudi, na homa hurudi pia, kama ilivyowarudia askari wa Malta.

Kimelea kinachokula sumu chenyewe

Upande wa mbung'o, mambo ni kinyume. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameonyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu huua vimelea vya nagana ndani ya panya. Ilichukua miaka 100 kujua kinachoua. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels, Ubelgiji, waliitaja protini iitwayo APOL1. Ini letu huitoa na kuiachia katika damu, ikisafiri pamoja na chembe za mafuta.

Kimelea kinahitaji mafuta hayo, kwa hiyo kinayameza. Protini ile inaingia nayo hadi kwenye laisosomu ya kimelea. Asidi ya humo ndani inaibadilisha, inajichomeka katika utando na kufungua matundu. Chumvi na maji vinaingia, kimelea kinavimba, kinakufa. Ng'ombe hana protini hiyo. Hilo ndilo jibu la swali la pili.

Na malale kali je? Mwaka 1998 iligundulika kwamba kimelea cha rhodesiense kina protini ya ziada, ambayo sasa tunajua kwamba huikamata APOL1 kabla haijatoboa kitu. Ukiiondoa hiyo, kwa umbo na kwa asili hakitofautiki na kimelea cha nagana. Kwa hiyo Bruce alikaribia sana ukweli, na waliompinga pia walikuwa na haki. Tofauti kati ya ng'ombe mgonjwa na mtu mgonjwa ilikuwa protini moja ndani ya kifuko ambacho wakati wa Bruce hakikuwa hata na jina. Nyani wa porini wana aina yao ya APOL1 ambayo hata rhodesiense haiwezi kuikamata, na kimelea hicho hufa katika damu yao.

Siku nne za Novemba

Bruce alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1908. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza chuo cha madaktari wa jeshi mjini London. Si kila alilosema lilikuwa jema. Alipendekeza wanyama wa porini waondolewe ili kukomesha nagana, na fikra hiyo baadaye iligharimu wanyama wengi katika makoloni.

Mary alikwenda naye kila mahali. Wakati wa Vita vya Makaburu, mji wa Ladysmith ulipozingirwa, yeye alikuwa muuguzi katika chumba cha upasuaji huku Bruce akipasua. Alikufa tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, wakati wa ibada ya kumuaga, Bruce naye alikufa. Kabla ya hapo alikuwa ameomba kwamba yeyote atakayeandika kuhusu kazi zake amtaje na Mary. Sisi tumejaribu kuheshimu ombi hilo, na tukawaongeza Zammit, Kagwa na wale mia wasio na majina.

Alichotuachia

Tunayajua sasa mambo ya ndani ya seli ambayo Bruce hakuyajua, lakini kinga bado ni ile ile iliyopatikana Malta na Ubombo.

Chemsha maziwa yote, ya ng'ombe na ya mbuzi, hadi yatokote, kabla ya kunywa au kugandisha. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa si salama. Nyama iive vizuri, na damu mbichi isinywewe. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akitupa mimba, usishike kitoto wala kondo kwa mikono mitupu. Vaa glavu, fukia chini sana ambapo mbwa hawafiki, na umwarifu mtaalamu wa mifugo. Wanaofanya kazi machinjioni wafunike vidonda vyao na wavae kinga.

Ukiwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na kipimo cha malaria kinaonyesha huna, mwambie mhudumu wa afya kwamba unafuga au unakunywa maziwa mabichi. Neno hilo moja linaweza kuokoa miezi ya kutibiwa ugonjwa ambao huna. Na kama umetoka kwenye pori lenye mbung'o, ukapata uvimbe palipoumwa na homa kali, taja hilo pia, siku hiyo hiyo.

Usimhukumu mnyama kwa macho tu. Mbuzi aliyewaangusha askari wa Malta alikuwa mnene, anang'aa manyoya, na maziwa yake yalijaa ndoo.